Utani Kwenye Kamati ya Kituo

Jumanne, 13 Mei

Kikao tena. Chai imepoa, maandazi magumu, mwenyekiti kachelewa na hakuomba radhi. Tumerudia yale yale ya wiki iliyopita.

Kampuni mbili zimebaki kwenye kinyang'anyiro cha kujenga eneo la kituo kipya cha treni. Ya Mwanza inataka ghorofa mbili tu: chini soko la wazi linalotazama reli, juu vyumba vya kupangisha. Michoro yao mibaya, kama imechorwa na mtu aliye safarini. Ya Dar inataka hoteli, maduka ya vioo, na stendi ya mabasi iliyoungana na kituo. Wamekuja na mfano wa jengo uliowekwa mezani, una miti ya plastiki na vijitu vidogo vinavyovuta masanduku. Wanakamati wanauzunguka kama bibi harusi.

Mimi naangalia kitu kimoja. Wifi yangu Magreth, dada wa mume wangu, anapika nje ya kituo yeye na wenzake. Wali, maharage, samaki wa Kigoma. Abiria wakishuka wanakula kwao. Wafanyabiashara walinituma kwenye kamati hii, ingawa duka langu la vitenge liko mtaa wa Gongoni, si kituoni, kwa sababu nina mdomo. Nataka wale kina mama wapate nafasi kwenye jengo jipya. Hoteli hainihusu.

Alhamisi, 15 Mei

Leo nimecheka mpaka mbavu zimeuma.

Kampuni ya Dar ilimtuma Pazi kuja kujieleza. Mzaramo. Mimi Mnyamwezi. Hapo hakuna la kuuliza, ni watani tangu babu zetu walipokuwa wanabeba mizigo kwenda pwani na kurudi. Hata projekta hajawasha, kashaanza. Akatusalimu kwa Kinyamwezi: Mwangaluka, wapagazi! Akasema jengo likikamilika hataki kuona moshi wetu pale, mama lishe wote watafukuziwa Ntalikwa, nje ya mji, wakalime viazi.

Ukumbi ukalipuka. Nami ningenyamazaje? Nikasimama. Nikamwambia chukueni eneo lote, Wazaramo wavivu, mkishindwa kulibeba mtatuita tuwabebee, sisi tumezoea. Mwenyekiti alicheka mpaka akatoa leso.

Kikao kizuri kuliko vyote.

Ijumaa, 16 Mei

Mjinga mimi.

Nimepitia michoro ya Dar kwa utulivu, ukurasa kwa ukurasa. Hamna nafasi ya kina Magreth. Hamna soko, hamna jiko, hamna hata kibanda. Pale Magreth anapoweka masufuria pamechorwa maegesho ya magari. Kina mama wale hawamo popote. Pazi alisema vile vile ilivyo.

Nilinyoosha mkono kikaoni. Nikasema wafanyabiashara wadogo hawakubali. Mwenyekiti akanitazama juu ya miwani. "Mama Neema, jana si ulisema wachukue eneo lote?"

Nikamwambia ule ulikuwa utani. Akasema yeye alisikia mwakilishi akitoa kauli mbele ya kamati.

Huyu mwenyekiti ni wa hapa hapa, kazaliwa mtaa wa Isevya. Anao watani Wagogo ambao kwenye msiba wa mama yake walilala kaburini wakakataa kutoka mpaka wapewe jogoo, na akawapa, na akacheka huku analia. Anajua utani ni nini kuliko mimi. Angekuwa mgeni ningemsamehe. Kauli yangu ameisikia kwa sababu inamfaa. Hoteli inamfaa.

Nimetoka bila kuaga. Hata kufungua duka nimeshindwa kwa muda.

Jumapili, 18 Mei

Kanisani. Magreth yuko kwaya, mstari wa mbele, sauti ya pili. Amesuka. Baada ya ibada kanishika mkono, kaniuliza kama jiko la gesi litaruhusiwa kwenye jengo jipya au wataendelea na mkaa. Amewaza mpaka meza zake, anataka zenye vigae zisishike mafuta.

Nikasema tutaona.

Tutaona nini? Naona aibu hata kuandika. Niliimba wimbo wa mwisho bila kusikia neno.

Jumatatu, 19 Mei

Pazi kaja dukani. Peke yake, kavaa shati la kawaida. Nilidhani amekuja kuleta utani mwingine. Nilikuwa tayari kumtupia mita ya kupimia vitambaa usoni.

Hakutania. Kakaa kwenye benchi la wateja. Nikamwambia yote, kwa sauti, wapita njia wakageuka. Nikamwambia umenitega. Akasubiri nimalize.

"Sikukutega, dada. Mabosi wangu walikuwa wamekaa nyuma yangu. Nilikwambia ukweli kwa namna pekee niliyokuwa nayo. Wewe ndiye uliyecheka."

Nikamuuliza, sasa anataka nimshukuru? Akasema hapana. Akasema bado kura, niende na hoja, niombe kifungu kwenye mkataba. Akaondoka. Hata maji hakunywa.

Nina hasira naye zaidi kuliko jana. Mtu akisema uongo unajua pa kumshika. Huyu kasema kweli mbele ya ukumbi mzima, na mimi nikampigia makofi. Na ana mshahara wake, kesho kutwa atapanda ndege akalale kwake. Ujasiri wa namna hiyo ni nusu bei.

Lakini kifungu nitakiomba.

Jumatano, 21 Mei

Kura.

Nilisimama kabla hawajaanza. Nikasema sitanii, na leo mtani wangu hayumo humu, kwa hiyo kila neno lichukuliwe lilivyo. Nikaomba moja: atakayeshinda, yeyote, afungwe kwenye mkataba kwamba upande wa chini unaotazama reli ni wa wale wanaofanya biashara pale leo. Niliongea vizuri. Sikupiga meza. Nilisema wafanyabiashara wadogo, nikasema kundi hili, nikasema wadau walioathirika, maneno yao yote wanayoyapenda.

Mwenyekiti akasema ni hoja nzuri sana. Hapo hapo nikajua imekufa. Akasema tukimwekea mwekezaji masharti atahama na pesa zake. Akasema kina mama watatafutiwa eneo mbadala. Nikauliza wapi. Akasema litatafutwa.

Hoja yangu ikapigiwa kura: wawili kwa watatu. Mhandisi kijana alikuwa upande wangu, kumbe. Sikutegemea. Wengine watatu walinyoosha mikono kuikataa hata kabla swali halijaisha.

Kisha kura ya kampuni. Dar wameshinda. Bila kifungu. Tukapigwa picha ya pamoja. Mimi nilikuwa chooni, nimejifungia, natukana kimya kimya kwa Kinyamwezi, matusi niliyoyasikia kwa bibi na sijawahi kuyatumia.

Kesho watatangaza. Nataka Magreth asikie kwangu kabla ya redio. Leo siwezi. Nikimwona leo nitalia, na kilio changu si kazi yake.

Alhamisi, 22 Mei

Nimekwenda kituoni asubuhi mapema. Baridi. Magreth alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, wenzake wanawasha moto. Nikachuchumaa kando yake nikamwambia yote. Utani, kicheko changu, Pazi, kura, eneo mbadala litakalotafutwa. Sikuficha.

Hakuacha kuchambua. Akauliza lini. Nikasema hawajataja, labda kiangazi kikikolea.

Kisha akauliza kitu nisichokitarajia.

"Wifi, jina langu ulilitaja huko?"

Nikafikiri. Vikao vyote vile. Wafanyabiashara wadogo. Kundi. Wadau. Nikasema hapana, sikulitaja.

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu. "Basi hawakunikataa mimi," akasema. "Hawanijui."

Akamimina mchele kwenye maji. Nilibaki pale mpaka treni ikaja. Watu walikuwa wengi, nikawa nagawa sahani.