Kitako Kipya cha Gobore la Baba

Nyumbani, karakana ya nyuma
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mama na kwangu. Hujambo? Wifi hajambo? Na mwanao, kile kikohozi kimemwachia? Sisi huku ni wazima. Goti la mama linamsumbua kukiwa na baridi, lakini mdomo wake hauna ugonjwa wowote, na kila akimaliza chai anauliza kama umeandika.

Asante kwa kitako cha bunduki. Kimefika salama, mti mzuri, mzito. Aliyekileta alidhani ni mguu wa kitanda, nami fundi wa vitanda nikamsamehe.

Barua uliyoitia ndani ya kifurushi nimeisoma pia. Nimeisoma mara mbili, ya pili nimesimama. Unasema nimpelekee fundi wa bunduki mjini gobore la Baba alifunge kitako, kisha nilitundike ukutani limngoje mwanao, kwa kuwa shabaha ni ya kurithi na mimi sikurithi. Tena unasema kwa vile hakuna wa kuwafukuza nguruwe mwitu, shamba la mama tulikodishe. Kaka, nakuheshimu. Lakini hapana. Fundi simtaki, ukutani halipandi, na shamba halikodishwi maadamu mama bado analitaja kila asubuhi.

Kitako nimekifunga mwenyewe. Milango ya nusu ya mtaa huu haikunishinda, sembuse mfereji wa mtutu mmoja!

Nilichanganya masizi ya taa na mafuta, nikaupaka mtutu, nikaulaza kwenye mfereji wa kitako, nikaugonga taratibu kwa kiganja, kisha nikauinua. Palipobaki doa jeusi ndipo mti unapokibana chuma. Hapo nikapitisha patasi, kidogo tu, kama anayekwangua ukoko wa sufuria. Nikapaka tena, nikalaza tena. Wiki nzima vidole vyangu vilikuwa vyeusi na mama akanipiga marufuku kushika vikombe vyake. Mwishowe mfereji wote ukawa mweusi sawasawa, na mtutu ukalala bila kutikisika. Nyuma kabisa, panapopokea teke la baruti, nikatia gundi kali iliyochanganywa na unga wa mbao, lakini kwanza nikaupaka mtutu nta usinate. Ningesahau nta, hao wawili wangekuwa na ndoa isiyo na talaka.

Sasa kaa chini, kama umesimama.

Nilipokuwa nafungua kitako cha zamani, kile kilichovunjika shingo siku bunduki ilipoanguka kutoka juu ya kabati, nilikuta kipande cha ngozi ya kiatu kimekunjwa na kubanwa upande mmoja wa mtutu. Bila shaka Baba alikitia ili mtutu usicheze. Kumbe miaka yote ngozi hiyo ilikuwa inausukuma. Ndiyo maana risasi zilikwenda kushoto. Ndiyo maana Baba alitufundisha kulenga kiganja kimoja kulia kwa shabaha, na wewe ukaishika kanuni hiyo upesi ukawa bingwa wa nyumba. Mimi nilikuwa nalenga kitu chenyewe. Nikakosa, mkanicheka, ukanibandika jina la Kengeza. Nikasema bunduki imepinda, ukanijibu kwamba mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Kaka, safari ile jua lilikuwa na hatia! Iliniuma, na bado inaniuma, na sioni sababu ya kulificha hilo.

Jana tulikwenda shambani kulijaribu gobore, mimi, mama na jirani yetu Mzee Polepole, yule askari wa wanyamapori mstaafu aliyekuwa rafiki wa Baba. Kibali ni changu tangu Baba afariki, hilo unalijua. Tuliweka kopo la rangi mbele ya kichuguu, Mzee akaanza. Akalenga kiganja kimoja kulia, kama alivyozoea na Baba. Vumbi likaruka kulia kwa kopo, kiganja kimoja. Akashindilia tena, akakosa palepale, akaanza kuilaumu miwani yake.

Nikalichukua mimi. Nikalenga kopo. Kopo likaruka hadi kwenye mahindi.

Nilidhani mama atapiga vigelegele. Hakupiga. Aliliendea kopo na goti lake hilo bovu, akaliokota, akatia kidole kwenye tundu, akasema, "Kumbe mtoto wangu tulimwonea." Nililia, Kaka, mtu mzima mimi, mbele ya Mzee Polepole.

Kwa hiyo shamba litalindwa, na mlinzi ni mimi. Nguruwe wameshapata habari. Mwanao akija likizo nitamfundisha kwa moyo wote; shangazi yake hana choyo. Na wewe ukija nitakuazima, ila kanuni ya kiganja uiache hukohuko. Huku sasa mtu analenga anachotaka kukipiga.

Msalimie sana wifi, mbusu mtoto, na binamu yetu kinyozi mwambie ada ya kunisahau inaongezeka. Mama anakuombea Mungu akulinde kazini na barabarani, na akulainishe moyo utakapofika katikati ya barua hii. Kopo ameliweka juu ya kabati na kila mgeni lazima atie kidole.

Mdogo wako akupendaye, hata ukinuna,

Kengeza