Nusu ya Pili ya Zaburi

Iyunga, Mbeya
7 Machi 1954

Mdogo wangu Jailos,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, mvua tu inatuchosha. Mama anakohoa kidogo lakini shamba haliachi. Mguu wako je? Huo mfupa bado unatoa usaha?

Ile tuni uliyoitungia Zaburi ya ishirini na mbili nimewafundisha kwaya. Jumapili tuliimba kilio chote, pale mtu anapomwuliza Mungu kwa nini amemwacha. Mama Sekela alilia mpaka kanga ikalowa. Mimi naongoza kwaya mwaka wa tisa sasa, na hakuna aliyewahi kulia kwa wimbo wangu hata mmoja. Sikufichi, imenichoma. Umelala kitandani Iringa, sifa zinakufuata mpaka Iyunga!

Lakini umetuma nusu. Ule mwisho wa zaburi, anapomsifu Mungu mbele ya kusanyiko, uko wapi? Pasaka inakaribia. Fanya upesi.

Kaka yako,
Yotamu

Hospitali ya misheni, Iringa
22 Machi 1954

Kaka Yotamu,

Shikamoo. Mwambie mama anywe uji wa moto na apumzike. Mguu uko vile vile.

Nusu ya pili sina. Si uvivu, kaka. Bado niko kwenye kilio, na nikiandika sifa sasa nitakuwa namdanganya Mungu pamoja na waimbaji wako. Imbeni kilio, kisha mkae chini. Na kama unanionea wivu, tubadilishane: njoo ulale hapa, mimi nikasimame mbele ya kwaya.

Mdogo wako,
Jailos

Iyunga, Mbeya
26 Aprili 1954

Mdogo wangu,

U hali gani? Sisi wazima.

Nusu ya pili niliitunga mwenyewe. Siku ya Pasaka nikatangaza kwamba zaburi nzima ni yangu. Kilio kiliwashika watu kama kawaida. Tulipofika kwenye sifa, wakaanza kutafuta kofia zao. Mzee Ezekia akanishika mkono mlangoni: "Mwalimu, mwanzo na mwisho umetunga wewe kweli? Mbona kama watu wawili?" Nikamjibu ni mimi. Nimesema uongo kanisani, tena Pasaka.

Nakuomba radhi. Lakini hasira ninayo bado. Kwa nini Mungu akupe wewe mgonjwa, anipite mimi mzima?

Kaka yako,
Yotamu

Hospitali ya misheni, Iringa
3 Julai 1954

Kaka,

Shikamoo. Nimekaa kimya muda mrefu. Barua yako niliichana kwa hasira. Halafu Mei wakaukata mguu, juu ya goti. Mama mwambie wewe, taratibu.

Jirani yangu wodini ni mzee Liberatus, Mkatoliki wa Kalenga. Siku moja asubuhi maumivu yalinizidi, nikaimba kile kilio. Nilipokoma akasema, "Endelea, kijana, umeniacha njiani." Nikamwambia hakuna zaidi. "Basi rudia." Nikarudia. Mara ya tatu nikajikuta nimevuka, naimba sifa, kwa tuni ile ile ya kilio. Maumivu hayakupungua. Ila niliona kwamba muda wote huo nilikuwa nalia mbele ya Mungu, na mtu halalamiki kwa asiyekuwepo.

Nami nina la kuungama. Kila ulipoandika "tulisimama tukaimba", niliionea wivu miguu yako mpaka nikauma meno. Kwa hiyo hapa nimekuandikia sauti ya kwanza tu. Besi itunge wewe. Sifa hii inataka kusanyiko, siiwezi peke yangu.

Mdogo wako,
Jailos

Iyunga, Mbeya
18 Julai 1954

Mdogo wangu Jailos,

Pole, pole sana. Mama amelia, kisha akauliza kama unakula vizuri.

Leo nimesimama kanisani nikawaambia watu wote, na mzee Ezekia akiwa mbele, kwamba zaburi ni yako. Aibu niliyoipata sitaisahau. Besi nimeitunga, lakini kwaya sijawaonyesha. Alhamisi napanda basi, na likiharibika njiani Igawa nitatafuta lori. Tutaiimba hapo wodini, na mimi nitakaa chini kama wewe.

Usidhani wivu umekwisha. Sasa namwonea mzee Liberatus, aliyeisikia kabla yangu.

Kaka yako,
Yotamu