Laini ya Hema na Laini ya Watoto

Mpendwa Shangazi Rehma,

Nakuomba unisaidie kabla Jumatatu haijafika. Mimi ni mama wa mtoto mmoja, Sheryl, shule niliishia darasa la nane, na tunakaa hapa Kisian kwa boma la kina mume wangu, Ooko. Jana nililala usingizi mzuri ambao nilikuwa nimeusahau, lakini bado kuna neno limenikwama kooni na sijui nilimeze ama nilitoe.

Ilianza wakati watu wa kaunti walikuja kwa baraza wakasema wadi yetu ina pesa ya mradi mmoja, tuchague wenyewe, hema na viti vya matanga ama kituo cha kulea watoto kando ya soko, na hicho kituo kitaajiri akina mama wachanga na kuwafunza kazi. Mama mkwe wangu ndiye mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, na hao wamechoka kukodi hema kutoka Migosi kila mtu akifa, kwa hivyo alijua boma lake lote liko nyuma yake, na mimi sikumwambia kitu, nilinyamaza tu nikiosha vyombo. Afisa akasema tupange laini mbili, moja ya hema na moja ya watoto. Shangazi, nilienda kwa ile ya watoto, kwa sababu nimeuza samaki wa omena sokoni na Sheryl mgongoni jua likimchoma, na ile kazi niliitaka sana. Mama akageuka kuangalia watu wake, akaniona nimesimama kule. Laini yetu ilishinda kwa watu wachache.

Kutoka siku hiyo hakula chakula changu. Nikipika anasema ameshiba, nikimsalimia anajibu akiangalia kuku. Kazi nilichaguliwa, na mafunzo nilimaliza nikiwa na uzito kwa roho.

Sasa juzi jirani yetu Mzee Opondo akafariki, na kwa matanga Mama ndiye msimamizi wa jikoni, watoto wamejaa katikati ya masufuria ya moto, mama zao wanawapigia kelele, nikaona niombe funguo ya kituo hata kama hakijafunguliwa, nikawachukua wote nikawapeleka huko, tukaimba, wakalala kwa mikeka. Jioni nikasikia mtu mlangoni, kumbe ni Mama na sahani ya ugali na samaki. Akaangalia watoto walivyolala, akatafuta pa kukaa, na hapo kuna vile viti vidogo vya plastiki tu, akakaa magoti yakimfika kwa kidevu. Akasema, "Kwa hivyo hivi ndivyo viti mlivyonishinda navyo?" Nikacheka hadi nikalia, na yeye akacheka, tukala sahani moja.

Ooko amefurahi, lakini anasema kwa vile mama yake amejishusha, mimi sasa nimwombe msamaha, na ili ajue umetoka rohoni, kazi nimwachie Lornah, binamu yake, kabla hatujaanza Jumatatu. Msamaha nataka kuomba, lakini nikisema najutia ile laini nitakuwa nadanganya, kwa sababu sijutii. Nifanye nini?

Valarie, Kisian

*

Valarie mwanangu,

Umenichekesha nikiwa peke yangu hapa, watu wakadhani nimepagawa. Nimefurahi mmekula. Mama aliyekukasirikia kweli hakubebei samaki.

Sasa nisikilize. Kusimama mahali moyo wako ulipo hakuombewi msamaha. Baraza liliitwa ili kila mtu achague, hata mke wa mtoto wa mwenyekiti. Lakini kosa lako lipo, umelitaja mwenyewe halafu ukapita haraka: uliosha vyombo ukanyamaza. Yule mama alijulia mbele ya majirani jambo ambalo alistahili kulisikia jikoni kwake. Hilo ndilo la kuombea msamaha, na utalisema bila kudanganya. Mwambie leo mkiwa wawili, "Mama, nilipaswa kukuambia kabla." Uishie hapo. Usianze kujieleza.

Kuhusu kazi, je, mama mkwe ameiomba? Isome barua yako tena. Hajaiomba. Ni Ooko anayegawa kitu kisicho chake kwa niaba ya mtu ambaye hajamtuma. Mwambie kwa upole kwamba Lornah apeleke jina lake wakiajiri tena. Aliyefunzwa ni wewe, na Sheryl amechoka na jua. Usiiache.

Na pesa za kaunti zikirudi, ukumbuke kwamba hema bado halijanunuliwa. Watu wanazika kila wiki, haja ya mama yako ni ya kweli. Siku hiyo simama nyuma yake, na wale akina mama uliowashikia watoto waje nyuma yako.

Jumatatu fungua mlango mapema. Lakini kabla ya hapo pita sokoni utafute kiti kimoja cha mtu mzima, ukiweke ndani karibu na dirisha. Atarudi.