Anayemdai Mama Ajitokeze

Mama,

Umekuwa ukija. Naanza na hilo, maana wewe hukumpenda mtu wa kusalimia nusu saa ndipo aseme kilichomleta.

Alasiri, maana majira haya ya baridi giza hushuka mapema hapa mtaani Vårby gård, nasikia magurudumu ya kitoroli chako cha sokoni kwenye korido ya nje. Yanakwaruza, yanafika mlangoni kwetu, halafu kimya. Kitoroli chenyewe kiko stoo, nimekifunga kwa kamba kwa mikono yangu. Nikifungua mlango hakuna mtu, ila harufu ya ile dawa yako ya kuchua magoti. Nilimuuliza mdogo wangu Neema kama naye anasikia. Unamjua mwanao, ukimwambia neno kwa Kiswahili anakurudishia Kiswidi. "Sluta," akasema, yaani nikome. Lakini nimemchunguza. Ikifika saa ile anavua vile vya kusikilizia muziki, anakaa tu, anatazama mlango.

Sikuogopa mwanzoni. Nilifurahi, Mama, nikasema afadhali hata kitoroli. Kisha nikahesabu nyuma, nikaona ulianza kuja wiki ile nilipopata jibu kwamba nimepokelewa chuo kikuu. Hapo nikajua umekuja kunigombeza.

Ndiyo, nimepokelewa. Nilimaliza komvux, shule yetu ile ya watu wazima, na hata kemia nilifaulu, kemia uliyokuwa unaiita dawa ya panya. Januari naanza kusomea kazi ya maabara, kupima damu za watu. Wewe unajua sababu. Ulipougua walikutoa damu, vile vichupa vyekundu, wakaondoka navyo kwenye sinia, na hakuna aliyetueleza kinachotafutwa ndani yake. Nilitaka kuwa upande ule wa mlango vinakopelekwa.

Sasa kuna swali moja la kujibu kwenye kompyuta. Serikali inampa mwanafunzi msaada kidogo, huo ni bure. Juu yake inampa mkopo, akitaka. Unachagua: msaada peke yake, au msaada na mkopo. Ni kubonyeza tu, hata mtoto anaweza. Mimi nimekaa mbele ya swali hilo katika maktaba ya hapa mpaka mlinzi akaniuliza kama kompyuta imeharibika.

Komvux nilipata swali hilohilo, na ulikuwa umesimama nyuma yangu, mkono begani. "Mtoto yangu, usikope. Ata kidogo. Deni inafata mutu mpaka mu kaburi." Nikachagua msaada peke yake. Ukaniambia niache na ile kazi ya usafi ya alfajiri, nisome, una akiba yako itatutosha. Nami nikaacha.

Hofu yako niliifahamu. Ulinisimulia tangu nikiwa mdogo, kule nyumbani Uvira, jinsi babu alivyozikwa. Jeneza bado liko juu, mkubwa wa ukoo akauliza swali la desturi, anayemdai marehemu ajitokeze. Akajitokeza mtu mwenye koti la kahawia, akataja deni ambalo bibi hakulijua. Shamba la mihogo likaenda, na wewe ukatolewa shule ukauze mafuta ya mawese. Kila uliponisimulia ulilielezea lile koti kuliko ulivyomwelezea babu. Nadhani ulilala nalo maisha yako yote.

Basi siku yako ya kuzikwa ilipofika, mimi nami nililiogopa lile koti. Hapa mtu anangoja wiki kwa wiki kuzikwa, kama vile anapanga foleni, na tulipofika makaburini ardhi ilikuwa bado barafu. Mjomba Elias alitoka Södertälje na suti yake ya harusi. Akasimama pembeni ya shimo, akakohoa, akauliza: "Kama kuna anayemdai dada yangu, au anayedaiwa naye, ajitokeze sasa, familia ipo." Mtu akamtafsiria yule bosi wako wa kliniki ya meno ulikokuwa ukifanya usafi. Mama, maskini yule mama wa Kiswidi alifungua mkoba akatoa pochi, akidhani ni mchango wa kanisa! Mjomba akamfanyia ishara arudishe. Neema alicheka, nami nikacheka, tukiwa tumeshikana ili tusianguke.

Niliwatazama watu mmoja mmoja nikitafuta koti la kahawia. Wenzako wa kanisani walikuwa wamesimama pamoja, akina Mama Furaha wote, wameinamisha vichwa. Hakuna aliyesogea. Mjomba akasema, "Amekwenda msafi." Mama, sijawahi kujivunia mtu hivyo. Niliporudi nyumbani nililia kwa huzuni, na chini ya huzuni kulikuwa na majivuno.

Ndiyo maana juzi nilikwenda Akalla kwa Mama Furaha. Nilitaka anisaidie kuombea nyumba, nikamwambia waziwazi kwamba unakuja, na kwamba unakuja kwa sababu nataka kukopa. Nikamwambia, mama yangu alikufa hadaiwi hata senti, nitawezaje mimi kumwaibisha.

Aliendelea kukoroga maharage jikoni. Halafu akaweka mwiko pembeni.

"Binti, nikwambie, na usinikasirikie. Mama yako hakukuwa na akiba. Ile feza ilikuwa ya likelemba."

Likelemba, ule mchezo wenu wa kuchangiana kila mwezi, anayefikiwa na zamu anabeba chote. Akanieleza kwamba uliwaomba utangulie, ubebe wa kwanza. Kwamba hukuwahi kuomba kitu kwa miaka yote, kwa hiyo wakashtuka wakakupa. Ulisema ni ya shule ya mtoto. Ukawa unalipa kila mwezi, ukafika katikati, ukafa.

"Tuliongea mu cuisine, mule jikoni kwenu, mbele ya kwenda ku makaburi," akasema. "Tukaambiana hakuna mwenye atasimama. Ile koti alitusimuliaga na siye."

Mama, nilikasirika. Acha nikuandikie kama lilivyo. Nilisimama jikoni kwa watu nikapiga kelele kama mwendawazimu. Ulinikataza kukopa, mkono begani, sauti kali, na siku ileile, au jana yake, ulikuwa umeshakopa kwa ajili yangu! Nilisoma kemia kwa deni. Nilipanda treni kwa deni. Viatu vyangu vya theluji, ulivyosema umevikuta vimepunguzwa bei... Na wewe kila alfajiri ukienda kufuta sakafu ya watu wenye meno mazuri, ukilipa kimyakimya, ukirudi unaniambia kula, kichwa hakisomi na njaa. Kwa nini hukuniambia? Ningefanya kazi. Tungelipa wote wawili.

Mama Furaha aliniacha nimalize. Kisha akasema kitu ambacho kimenikaa. Akasema labda hurudi kunigombeza. Labda unarudi kwa sababu unatembea na lile deni, unafika mlangoni, huwezi kuingia, unaona aibu.

Nililia hapo mpaka maharage yakaungua. Wanawake wale hawakusimama, Mama. Wengine ni wasafishaji kama wewe, mmoja hana hata kazi. Walibeba hasara yao makaburini, wakainamisha vichwa, wakamwacha Mjomba atangaze usafi wako. Nami nilidhani wanasali.

Jana asubuhi nilimwona mshauri wa masomo, mzee mmoja mwembamba, soksi zake hazifanani. Nilimuuliza mambo ya mkopo kama mtu anayeulizia ugonjwa. Akaniambia yeye mwenyewe bado analipa wake. Mama, mtu mwenye mvi, ana deni la shule, na alikuwa anakunywa kahawa! Hakuona haya hata chembe. Nikamuuliza lile swali lililonipeleka: mtu akifa je, watoto wake watafuatwa? Akanitazama kwa mshangao, akasema hapana, deni hilo watoto hawalirithi, linafutwa. Sikumweleza kwa nini nilitaka kumkumbatia. Nilisema asante nikatoka, nikakaa kwenye ngazi za shule mpaka nikapoa.

Kwa hiyo nimebonyeza. Msaada na mkopo. Nikarudia kusoma, nikabonyeza. Nimekopa, Mama. Nimekutajia mwenyewe kabla hujasikia kwa watu.

Kuna na jingine. Nilimpelekea Mama Furaha ujumbe kwamba nataka kukamilisha miezi yako iliyobaki. Akakataa, akasema limeshakwisha, nisimwamshe marehemu. Nikasisitiza. Tukavutana kwenye simu mpaka kadi ikakata. Akanipigia yeye, akasema sawa, lakini si kama mlipaji. Karibu wanaanza mzunguko mpya wa likelemba, na kiti chako kiko wazi. Nikae mimi. Nitachanga kama wao, nami nitapewa zamu ya mwisho kabisa, kwa hiari yangu, ili kila mmoja wao abebe kabla yangu, kwa kuwa wewe ulibeba wa kwanza. Ni hesabu ya ajabu, najua, ningemweleza yule mzee wa soksi angenipeleka kwa daktari. Sehemu ya mkopo wa shule ndiyo itakayoingia humo. Jioni nitafanya usafi kidogo kuziba pengo. Naweza, nimerithi magoti yako, mabaya lakini magumu.

Nimemwambia Neema yote. Akasema kwa Kiswahili, Kiswahili kizima, "Basi Mama aliogopa peke yake." Sikuwa nimelifikiria hivyo. Mimi nilikuwa nimefikia kwenye hasira tu.

Kwaheri, Mama. Nakuandikia ili nikuage vizuri, maana siku ile kwenye barafu nilikuaga nikiwa na macho kwa watu. Nakuahidi haya: nitasoma mpaka mwisho, na ikitokea mgonjwa amelala na mama yake au mtoto wake kando, nitatoka kule maabara nikawaeleze kinachotafutwa kwenye damu, hata nikigombezwa. Deni langu nitalilipa mchana, mbele ya watu wote, na Neema atalijua, na watoto wangu wakija watalijua.

Nawe usisimame tena koridoni. Ukitaka kuja, njoo, lakini ingia. Hakuna mtu humu ndani anayekudai.

Mwanao,
Riziki