Kadi ya Dominiko

Mabawa, Tanga

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kifua chako kimepata nafuu na mvua hazijaharibu mahindi. Mimi mwili ni mzima. Tafadhali barua hii akusomee Dada Agnesi, si katekista, maana naona haya.

Mama, kaka Dominiko amefariki. Ni mwezi huu, si mwaka jana kama nilivyowaandikia.

Uliponiagiza nimtafute, nilitumia kadi za ofisini kwetu, zinakowekwa za mashamba yote ya mkonge. Kila mfanyakazi ana kadi yake, ina matundu pembezoni: tundu la kambi, la kazi yake, la mwaka alioingia, la wilaya ya kwao. Jambo likijulikana, tundu lake hukatwa mpaka ukingoni. Ukipitisha sindano ndefu katika tundu hilo na kuinua kadi zote, zilizokatwa huanguka, nyingine hubaki zikining'inia.

Bwana Mhina, karani mkubwa, alinionya siku ya kwanza: "Usilokuwa na hakika nalo, liruke. Ukichoma kila tundu, kijana, utabaki na hewa mkononi." Nilimwitikia kwa Kiingereza kizuri. Sikuelewa, nikaona haya kuuliza.

Basi nikachoma yote uliyonitajia, moja baada ya jingine: mwaka, kazi, Songea. Nikasoma zilizoanguka mara zote tatu, jina lake halimo. Mwaka peke yake ungetosha, Mama. Nikawaandikia kwamba hayumo katika mashamba yote, na anayepotea hivyo huku huwa amekufa. Nani alinituma kuongeza maneno yale?

Juzi Bwana Mhina alinipa kadi za waliofariki mwezi huu, nizitenge na za walio hai. Ya juu kabisa: Dominiko, na jina la Baba. Kambi ya Pongwe. Mahali pa kwao pameandikwa: hakutaja. Tundu la Songea zima, halijaguswa. Siku ile alining'inia kwenye sindano yangu pamoja na watu wa kwingine, nami sikumtazama.

Nilikwenda Pongwe. Nilipojitaja, mzee mmoja, jirani yake wa kambini, akasema, "Kumbe wewe ndiye yule msomi! Alikuwa akitutania, eti ana mdogo wake anayepiga hodi kwa kunong'ona." Akacheka kidogo. "Homa ilimchukua siku nne. Ungekuja, mwanangu. Toka mjini si safari ya baiskeli tu?"



Kwa nini hakutaja kwao, sijui. Labda ni ule ugomvi wake na Baba. Hapa Baba asomewe ukiona inafaa, usipoona, Dada aparuke.

Mlinyoa nywele za msiba na kumwombea misa ya marehemu naye yu hai, anakata mkonge, kwa neno langu mimi. Nisamehe, Mama.

Nisalimie Dada Agnesi na wanawe, na Shangazi aliyenipa blanketi la safari. Na Bibi, aliyekataa kunyoa, akawa anamwekea Dominiko ugali kila jioni, mkasema ni uzee. Mwambie hakukosea.

Mwambie sasa anyoe.

Ni mimi mwanao, nisiyejua kuuliza,
Kasiani