Maji ya Muntasir

Jumanne, 3 Juni 2025

Nimemmaliza Muntasir wa karakana! Grupu zima la WhatsApp la mtaa limesoma. Vile viatu vya miguu ya viti anavyotengeneza kwa kuyeyusha chupa za maji na mabaki ya poliesta ya mafundi cherehani – vilikuwa ang'avu, vinanesa. Sasa vyeupe, vigumu kama jiwe, ukikalia kiti vinapasuka. Nimeandika wazi: anatuuzia chokaa.

Alhamisi, 5 Juni

Muntasir kamfukuza Asifiwe, mama anayemchanganyia malighafi. Mama anaapa hakutia kitu. Wote huapa. Nitathibitisha: chokaa ya unga ikiguswa na siki hutoa povu.

Ijumaa, 6 Juni

Hakuna povu. Nimerudia. Hakuna.

Jumamosi, 7 Juni

Nimesoma mpaka macho yanauma, kisha nikayeyusha kiatu kimoja jikoni. Felicitas akapiga kelele: Baba Clara, hiyo si sufuria ya ubwabwa! Nusu nikaitumbukiza kwenye maji – ikatoka ang'avu, inapinda. Nusu nikaiacha ipoe taratibu. Ikageuka nyeupe huku naiangalia. Nyundo moja – vipande! Plastiki ikipoa polepole, chembe zake zinapata nafasi ya kujipanga safu safu, zikawa fuwele. Inakuwa ngumu, inaacha kunesa. Kilichopungua ni maji tu.

Na maji nani aliyazuia? Mie! Mwezi wa tatu niliwasha moto kwenye grupu: karakana inamwaga maji ya kupozea barabarani, inatufugia mbu. Mwenyekiti wa mtaa akapiga marufuku. Tangu hapo Muntasir anapoza kwa hewa.

Nimemharibia kazi, kisha nikamshtaki kwamba imeharibika.

Jumapili, 8 Juni

Baada ya misa Ansbert wa kwenye grupu kanishika mkono: kalamu yako wembe, kaka! Nikacheka. Nilicheka!

Jumatatu, 9 Juni

Wako barazani, Muntasir na Asifiwe. Mama kasema shikamoo, basi, macho chini. Muntasir ndiye aliyeongea: Mwalimu, ulivyoandika niliamini, lakini huyu kila asubuhi analia mlangoni kwangu. Mjuzi ni wewe. Mwangalie usoni uniambie, katia chokaa au hakutia? Ukisema hakutia, kesho anaingia kazini.

Neno moja tu. Mie wa maneno!

Nimewaambia naingia ndani kuchukua miwani.

Miwani ilikuwa usoni. Wote waliiona. Felicitas anawamiminia chai, ananiita mara ya pili –