Cheo: Mama

28 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mimi ni mzima, kikohozi kimeniachia, na natumaini goti lako nalo limekuachia wewe. Uliniandikia kwamba ukipanda ngazi linalia kama bawaba. Je, yale mafuta ya duka la dawa yamesaidia, au umeyapaka mlangoni?

Nakuandikia nikiwa bado mezani kwangu. Ofisi imeshafungwa, mfagiaji ananizunguka na ndoo yake na kila akipita ananiambia, "Inua miguu, bosi." Anajua vizuri kwamba mimi si bosi.

Umesema majirani wanakuuliza ninafanya kazi gani, nawe unawajibu "yuko chuo kikuu," na wao wanadhani nafundisha. Tafadhali waambie ukweli kabla mtu hajaniletea mtoto wake. Niko dirishani, katika ofisi ya utafiti. Kila mwaka chuo hutoa ruzuku ndogo kwa watu wanaotaka kuchunguza jambo fulani. Ni ndogo kweli, za kutosha nauli na madaftari na msaidizi wa wiki mbili. Mwaka huu mada ni ukosefu wa usawa, yaani kwa nini wengine hupata na wengine hukosa. Mwombaji anajaza fomu, ananiletea, naikagua, nagonga mhuri wa tarehe, naiandika kwenye rejista. Fomu isiyo na mhuri haifiki kwenye kamati.

Unajua bado niko katika muda wa majaribio. Mwezi wa tano Katibu wa kamati ataandika ripoti juu yangu, na hiyo ndiyo itakayosema nibaki au niende. Sisi humwita Nukta, kwa sababu barua ikikosa nukta moja huirudisha kwa mikono miwili kama sahani chafu. Mimi wenzangu wananiita Samahani. Mgeni mmoja ameshaniuliza kama hilo ni jina la ukoo.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho kupokea maombi, saa kumi jioni, na foleni ilifika hadi kwenye ngazi. Kulikuwa na mama mmoja ambaye ni fundi majalada. Anashona vitabu vilivyoachana katika maktaba ya chuo, na jioni anasoma shahada. Anataka kukaa katika ofisi kumi, akiwa na saa na daftari, aandike ni nani anaambiwa "njoo kesho" na ni nani anaambiwa "karibu ndani", na kila mmoja amevaa viatu gani. Nilipenda hilo la viatu.

Tatizo lilikuwa kipengele cha saba, Mdhamini. Pale tunataka profesa au mkuu wa idara. Yeye ameandika jina la mama yake mzazi.

Nikamuuliza, "Huyu mdhamini ni nani?"

"Mama yangu."

"Na hapa kwenye cheo?"

"Nimeandika. Soma."

Alikuwa ameandika: Mama.

"Samahani, mama si cheo," nikasema.

"Kwenu labda."

Foleni nzima ikacheka, na mzee mmoja nyuma akasema, "Mpandisheni cheo basi, awe bibi!" Nilitokwa na jasho. Nikamrudishia ile fomu, nikamwambia atafute sahihi ya mkubwa wake wa maktaba, njoo kesho. Saa kumi kasoro dakika ishirini. Nikaita anayefuata. Waliobaki wote niliwagongea mhuri kabla ya saa kumi, na Katibu alipopita akasema, "Safi." Hajawahi kuniambia neno hilo.

Msalimie jirani wa juu, na umwambie redio yake naisikia hata huku.

Mwanao

5 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti liko palepale, na mafuta yameisha. Nashukuru kwamba kikohozi kimekuachia.

Barua yako nimeisoma nikacheka sana hapo kwenye bibi, kisha nikairudia na sikucheka. Nimepiga chapa mahakamani miaka thelathini na moja na tabia haijanitoka, nikiona tarehe natazama na ile iliyo jirani yake. Mwisho wa kupokea fomu ulikuwa tarehe ishirini na nane, saa kumi. Wewe tarehe ishirini na nane, kabla ya saa kumi, umemwambia mtu njoo kesho. Kesho gani, mwanangu?

Tena mtu mwenyewe ni yule anayetaka kuhesabu maneno hayohayo.

Nijibu upesi. Huenda nimekosea, na ningependa niwe nimekosea.

Shangazi yako

11 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama. Mimi nalala vibaya na chakula hakipiti, lakini si ugonjwa.

Hukukosea. Barua yako ilipofika nilikuwa nimeshajua, maana yule fundi majalada alikuja. Asubuhi ya tarehe moja, saa mbili na robo, wa kwanza dirishani, na ukurasa mpya wenye sahihi ya mkuu wa maktaba. Nilichukua mhuri, nikauinua, na hapo ndipo nikaiona tarehe yake. Mkono ukabaki hewani.

Nikamwambia, "Samahani, muda umepita."

Akasema, "Jana ulisema kesho. Kesho yenyewe ndiyo hii. Au kuna nyingine?"

Nikauweka mhuri kando. Nikasema, "Iache, tutaangalia." Akaacha, pamoja na ukurasa wa zamani. Hakunigombeza. Alitazama saa yake, akaondoka. Fomu iko kwenye droo yangu chini ya karatasi za kurudufia, na kila mtu akikaribia meza yangu naegemea droo kama mtu mwenye kiuno kibovu.

Kuna jambo jingine ambalo limenitesa zaidi. Nimeisoma fomu yetu neno kwa neno. Hakuna mahali inaposema mdhamini awe profesa. Hilo limeandikwa kwenye mwongozo, na mwongozo ulitumwa kwa barua pepe kwa wahadhiri tu. Kwa mujibu wa karatasi aliyopewa, fomu yake ya kwanza ilikuwa kamili. Nilipaswa kugonga mhuri na kunyamaza.

Mhuri wenyewe una magurudumu madogo ya tarehe, kama unavyoyajua. Ukisogeza kwa kucha, unarudi nyuma. Ni sekunde tatu. Katika rejista ya siku ile nimeona mstari mmoja mtupu chini kabisa. Hakuna atakayejua, na yeye atapata haki yake, na mimi nitapata ripoti yangu. Unaonaje?

Mwanao

16 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Kula kwanza.

Usiuguse huo mhuri. Nimeona mihuri iliyorudishwa nyuma ikisomwa kwa sauti mbele ya hakimu, na aliyeirudisha kasimama kizimbani na tai yake. Wote walisema ni sekunde tatu.

Halafu sikiliza jambo la mdhamini. Nyinyi mnalichukulia kama neno la kupamba fomu. Kule kwetu mahakamani mdhamini alikuwa mtu anayesema, huyu akikimbia, nikamateni mimi. Nakumbuka mwanamke aliyekuja kumdhamini mwanawe, akaulizwa ana nyumba, akasema hana. Ana kiwanja? Hana. Karani akamwambia basi huwezi. Yule mwanamke akauliza, "Sasa mnataka mtu au mnataka nyumba?" Hakimu akaamuru swali hilo lisiandikwe. Mimi ndiye niliyekuwa napiga chapa. Sikuliandika.

Huyo fundi wako hakukosea neno. Ameliandika kama linavyosemwa.

Nami, kama umesahau, niko kwenye faili lako la ajira katika kisanduku hichohicho cha mdhamini. Sahihi yangu iko pale. Kwa hiyo usiniulize naonaje kama mpita njia. Andika dokezo kwa Katibu. Mistari mitano: nilifanya hivi, tarehe hii, saa hii, kosa ni langu, mwombaji hana kosa. Kamati haijakaa bado, au imekaa?

Shangazi yako

20 Aprili

Mwanangu,

Hujambo huko? Huu ni mwezi wa pili sina barua yako. Mtoto wa jirani wa juu alikuona kituoni, anasema umekonda na ulimsalimia kwa kumwomba samahani.

Sikuulizi umefanya nini. Nauliza kama u mzima. Lile la pili utanijibu mwenyewe.

Mimi nimepigwa sindano ya goti. Daktari ni kijana kama wewe, mkono unamtetemeka, lakini alichoma penyewe.

Shangazi yako

6 Mei

Shangazi,

Shikamoo, na pole kwa sindano. Nisamehe kwa kimya. Nilianza barua tatu nikazichana. Hii nitaimaliza.

Dokezo nililipeleka tarehe kumi na tano Aprili, siku moja kabla ya kamati kukaa. Ukihesabu utaona nilikaa nalo mwezi mzima tangu barua yako. Liliandikwa tarehe kumi na nane Machi, likakaa mfukoni, likachakaa, nikalinakili upya. Mara nne nilikwenda hadi mlangoni kwa Katibu. Mara moja aliniita ndani kabisa, nami nikamwomba stepla.

Siku hiyo nililiweka mezani kwake pamoja na fomu na kurasa zote mbili. Alilisoma akiwa amesimama. Akachukua kalamu, akaweka nukta niliyosahau mwisho wa mstari wa tatu. Kisha akauliza, "Nani mwingine anajua?"

"Mwombaji, mzee. Na shangazi yangu."

"Shangazi yako ni mtumishi wa chuo?"

"Hapana. Ni mdhamini wangu."

Akafunika kalamu yake. Akasema, "Nenda kafanye kazi."

Kamati ilikaa siku mbili. Fomu ya yule fundi waliisoma, hilo nina hakika, kwa sababu niliingiza chai nikawasikia wakicheka kwa kupenda, profesa mmoja akisema, "Hili la viatu ni zuri sana, jamani." Lakini kanuni ni kanuni. Kilichoandikwa katika muhtasari ni kwamba ombi lilifika baada ya muda, kwamba kosa la karani haliwezi kusogeza tarehe ya chuo, na kwamba mwombaji anahimizwa kuomba tena mwakani. Ruzuku wamepewa watu tisa. Mmoja wao anachunguza maoni ya wahadhiri kuhusu ukosefu wa usawa.

Katika muhtasari huohuo, kifungu kinachofuata, wameandika juu yangu. Nakunakilia: "Kamati imeridhishwa na uaminifu wa karani aliyejitokeza mwenyewe kueleza kosa lake, na inapendekeza athibitishwe kazini bila kusubiri mwisho wa muda wa majaribio." Jana Katibu amenikabidhi barua. Ameniambia watu wa aina yangu ni wachache. Wenzangu wamenunua soda. Nimeambatisha nakala ya barua hiyo humu.

Barua ya fundi, ya kumjulisha kwamba amekosa, nilitakiwa niitume kwa posta ya ndani. Niliibeba mwenyewe hadi maktaba. Karakana yake iko chini ya ngazi, chumba chenye harufu ya gundi, vitabu vimebanwa kati ya mbao mbili kama watu walioambiwa wasitikisike. Alikuwa anashona. Aliifuta mikono, akasoma, akaikunja.

"Na wewe wamekufanya nini?" akauliza.

Nilifikiria kusema hakuna. Nikamwambia, "Wamenithibitisha kazini."

"Kwa sababu ya hili?"

"Kwa sababu nilisema ukweli."

Akacheka, Shangazi, si kwa ubaya. Akasema, "Basi fomu yangu si ya kulaumiwa. Imeomba kazi, ikapata. Imekosea mtu tu."

Nikasema samahani. Akaniambia, "Hiyo baki nayo, utaihitaji dirishani." Kisha akaniuliza kama kuna kitu anaweza kurudishiwa. Fomu nzima hairuhusiwi kutoka kwenye faili. Akasema hataki nzima, anataka ule ukurasa wa kwanza wenye jina la mama yake, kwa sababu sahihi ile mama yake aliiandika kwa taabu, alijifunza kwa wiki mbili, na hajawahi kuweka nyingine popote.

Nilirudi ofisini nikautoa kwenye faili, nikampelekea. Aliutazama kwanza dhidi ya taa kama wanavyotazama karatasi mafundi wa kazi yake, akaulaza ndani ya kitabu kikubwa, akakibana kati ya mbao. Juu ya hilo sijaandika dokezo.

Nimefanya ulivyoniambia. Nimeeleza tarehe na saa na kosa. Sijui kwa nini najisikia kama mtu aliyepewa chenji ya mwingine. Niambie wewe.

Mwanao

14 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Goti limekubali kupinda, kwa hiyo jana nilishuka mwenyewe kuchukua barua.

Ungeandika lile dokezo tarehe kumi na nane Machi, huenda wangekuwa na mwezi wa kufikiria. Huenda wasingefikiria. Sitakudanganya kwamba najua.

Nakala ya kuthibitishwa kwako nimeisoma mara mbili. Imepigwa vizuri, pambizo zimelingana. Sijaiweka ukutani wala sijaitupa. Iko mezani, chini ya miwani.

Majirani waliiona bahasha ya chuo mkononi mwangu kwenye ngazi, wakauliza kama ni habari njema. Nimewaambia bado naisoma.

Shangazi yako